Gari dogo lililozeeka linapokula oili: maswali ya wasomaji na majibu

Barua nyingi za safari hii zina kilio kimoja: gari dogo, limetembea sana, na oili haikai. Baadhi yenu mmeshaambiwa injini ifunguliwe. Kabla hujakubali, pima kwanza, kisha ujue oili inatokea mlango gani. Iko milango mingi, na mingine inazibwa kwa nusu saa ya kazi.

Shikamooni mafundi. Gari langu lina injini ya cc 1,300 na limetembea kilomita 186,000. Nilimwaga oili na kutia mpya, na baada ya mwezi mmoja na nusu nikachomoa kijiti cha kupimia oili nikakikuta kikavu. Chini ya gari hakuna hata tone. Je, injini imekufa?
*Kijana mwenye gari la kurithi*

Marahaba, kijana wetu. Injini haijafa, ila ilikuwa ukingoni. Injini ya ukubwa huo hubeba oili kama lita 3.5. Kutoka alama ya chini hadi ya juu ya kijiti, magari madogo mengi huchukua kati ya robo tatu ya lita na lita 1. Kijiti kikitoka kikavu, ndani kumebaki lita 2.5 au pungufu. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachobeba joto lote na uchafu wote, kwa hiyo oili inachoka upesi. Ukikata kona kali au ukifunga breki ghafla, yote inakimbilia upande mmoja wa sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, pampu inanyonya hewa, na beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zinasuguana chuma kwa chuma kwa sekunde moja au mbili. Injini nyingi zinazonoki, yaani zinazogonga ndani, huanzia hapo: oili ilipungua na hakuna aliyechomoa kijiti.

Kula oili kidogo ni kawaida ya kila injini. Pistoni ikishuka huacha utando mwembamba wa oili kwenye ukuta wa silinda, na sehemu ya utando huo huungua pamoja na petroli. Watengenezaji kadhaa huandika kwenye kitabu cha gari kwamba hadi lita 1 kwa kilomita 1,000 inakubalika. Kwa maoni yetu ukomo huo ni mpana mno kwa mtu anayetaka gari lidumu. Kwa injini ndogo yenye umri, robo lita kwa kilomita 1,000 si ya kukunyima usingizi. Ongeza na uendelee. Ikifika nusu lita, tafuta chanzo. Ikizidi hapo matengenezo hayakwepeki, kwa sababu plagi zitaanza kulowa, na majivu ya oili yataziba katalisti, lile sega la ndani ya bomba la eksozi linalosafisha moshi.

Kwa hiyo tafuta namba yako. Egesha mahali tambarare injini ikiwa ya moto, izime, subiri dakika 10 ili oili iteremke kwenye sampu. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena ndipo usome. Soma pande zote mbili na uamini upande unaoonyesha kiasi kidogo, maana upande mwingine huwa umejipaka oili iliyobaki kwenye bomba la kijiti. Jaza mpaka alama ya juu, usizidishe, na uandike kilomita zilizo kwenye dashibodi. Rudia kila kilomita 250 hivi, ikiwezekana palepale ulipoegesha mara ya kwanza. Kila unapoongeza, tumia chombo chenye mistari ya mililita na uandike. Ukifika kilomita 1,000, jaza tena mpaka alama ya juu. Jumla ya ulichoongeza ndiyo namba yako.

Katika siku hizo tandika kipande cha katoni safi chini ya injini kila usiku. Lakini katoni safi asubuhi haithibitishi kwamba hakuna kuvuja. Ziko sili, yaani mipira ya kuzuia oili, zinazovuja injini ikiwa inazunguka tu, na oili inayoangukia bomba la eksozi inaungua kabla haijafika chini. Ukisikia harufu ya oili iliyoungua kila unaposimama, fungua boneti utazame nyuma ya injini kwa tochi. Kama gari lina kinga ya plastiki chini, ivue. Huenda imekinga kila tone.

Na usisahau hesabu hii: gari linalokula robo lita kwa kilomita 1,000, ukilimwaga oili kila kilomita 5,000, litakuwa limetumia lita 1.25 kabla ya sevisi. Litapita alama ya chini katikati ya safari hata kama halina ubovu wowote wa maana. Kwenye buti weka lita moja ya oili ya aina ileile, na chomoa kijiti kila unapojaza tenki.

Gari langu likiwashwa asubuhi linatoa moshi wa bluu kwa sekunde chache, kisha linakauka mchana kutwa. Kuna mlima ninaoushuka kila siku. Nikifika chini na kukanyaga mafuta, moshi unatoka tena. Fundi anasema ni ringi, zile pete za pistoni, na injini ifunguliwe. Nikubali?
*Dada wa gari jekundu*

Subiri kwanza, dada. Ulivyoeleza, dalili zako zote mbili zinaelekea kwenye sili za valvu, na kazi hiyo mara nyingi inafanyika bila kung'oa silinda hedi, yaani kichwa cha injini chenye valvu.

Sili ya valvu ni kikofia cha mpira kisichozidi ncha ya kidole chako cha mwisho. Kinakaa juu ya gaidi, yaani mrija ambamo valvu inateleza, na kuukumbatia mguu wa valvu, ili oili inayolainisha kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, isiteremke kwenye silinda. Mpira huo ukipikwa na joto kwa miaka 15 unakuwa mgumu kama kucha, na mdomo wake hauukumbatii tena mguu. Usiku, injini ikiwa imezimwa, oili iliyobaki juu ya hedi inateremka taratibu na kukusanyika juu ya valvu na kwenye silinda. Ukiwasha asubuhi inaungua yote kwa mara moja, ndiyo ile pumzi ya bluu. Unaposhuka mlima gari likiwa kwenye gia na mguu umeuondoa kwenye mafuta, mlango wa hewa unafungwa huku pistoni zikiendelea kunyonya. Mvuto kwenye manifodi, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, unakuwa mkali na kuivuta oili kupitia sili zilizolegea. Ukikanyaga mafuta tena, yote inatoka nyuma kama moshi.

Ringi zilizochoka zina tabia nyingine. Moshi wake unatoka injini ikibeba mzigo: unapopanda mlima, unapolipita gari jingine, umejaza abiria. Unaendelea kadiri unavyokanyaga, na haujali kama ni asubuhi au jioni.

Hakikisha pia ni moshi wa oili. Wa oili una rangi ya kijivu inayoelekea bluu na harufu kali ya oili iliyoungua. Mvuke mweupe wa asubuhi unaopotea injini ikipata joto ni maji tu ya kwenye bomba. Moshi mweupe mzito usiokoma, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda, na hiyo ni habari ya gasketi ya hedi. Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi.

Kipimo cha kumwonyesha fundi wako ni hiki. Injini ikiwa imeshapata moto, iache ingurume bila kukanyaga kwa dakika 4, kisha mtu mmoja akanyage mara moja huku mwingine akitazama bomba la nyuma. Pumzi ya bluu inayotoka na kukatika ni ya sili. Moshi unaoendelea kutoka wakati wote injini imekanyagwa ni wa ringi.

Kama ni sili, injini ya silinda 4 yenye valvu 16 inahitaji sili 16, zote zibadilishwe kwa pamoja. Fundi anafungua kava ya juu, anaweka alama za taimingi, yaani mpangilio wa krenki na kamshafti, kabla ya kutoa kamshafti, na silinda anayoishughulikia anaijaza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi ili valvu zisidondoke ndani. Asiye na kompresa huingiza kamba safi ya nailoni kwenye tundu la plagi na kuuacha mwisho wake nje, halafu anazungusha krenki kwa spana mpaka pistoni iibane kamba dhidi ya valvu. Hapo springi inabanwa, vikufuli vyake viwili vidogo vinatolewa kwa sumaku, na sili ya zamani inavutwa. Sili mpya ipakwe oili, na ipite juu ya ncha ya valvu ikiwa na kifuniko chake cha plastiki au mrija mwembamba, kwa sababu mitaro ya vikufuli hukata mdomo wa mpira. Fundi akiruka hatua hiyo, utarudi kwake baada ya wiki mbili na moshi uleule.

Oili inapungua karibu nusu lita kwa kilomita 1,000. Hakuna moshi ninaouona, hakuna panapovuja. Nimepimiwa kompresheni, yaani presha ndani ya silinda, silinda zote ziko juu na zinalingana, nikaambiwa ringi ni nzima. Sasa oili inakwenda wapi?
*Msomaji wa siku nyingi*

Inaungua, ndugu yetu, na kuna uwezekano mkubwa ni kwenye ringi, pamoja na kipimo hicho kizuri.

Kila pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu zinazuia gesi ya mwako isishuke. Ya tatu, ya chini, kazi yake ni kukwangua oili ukutani na kuirudisha kwenye sampu kupitia vitundu vilivyotobolewa kwenye mtaro wake. Kipimo cha kompresheni kinazijaribu zile mbili za juu peke yake. Ringi ya oili inaweza kuwa imegandishwa na kaboni, vitundu vyake vimezibwa, na bado ukapata bar 12 au 13 kila silinda. Ndiyo maana mtu anapewa cheti cha injini nzima huku oili inakwisha. Sili za valvu nazo kipimo cha kompresheni hakizigusi.

Kutoona moshi pia kusikutulize. Nusu lita kwa kilomita 1,000 ni nusu mililita kwa kilomita, kama matone kumi, na katalisti yenye moto inaimaliza kabla haijaonekana. Ng'oa plagi uzitazame. Plagi yenye masizi meusi ya kung'aa na ulowevu kwenye nyuzi inakuonyesha silinda yenye shida. Ikiwa moja tu ndiyo chafu, umeshapata pa kuanzia.

Kabla ya kugusa pistoni, jaribu valvu ya PCV, yaani valvu ya kupumulia injini. Gesi kidogo hupenya kila mara kwenye ringi na kuingia kwenye sampu. Valvu hii inazitoa na kuzirudisha kwenye manifodi zikaungue. Ikiziba, presha inajaa ndani na kuisukuma oili kwenye sili na gasketi. Ikikwama wazi, injini inanyonya mvuke wa oili mchana kutwa. Kwenye injini ndogo nyingi imefungwa juu ya kava ya valvu au kwenye mpira unaotoka hapo. Itoe, itikise sikioni: nyingi zenye springi hucheza na kulia, na iliyo kimya kabisa huwa imeganda. Kisha puliza kwa mrija safi kutoka upande wa injini: hewa ipite. Puliza kutoka upande wa manifodi: izuie, au ipitishe kidogo sana. Kagua na mpira wake, maana mara nyingi unalainika na kujikunja au unapasuka kwa chini usikoona. Kipuri hiki ni kidogo na cha dakika chache, nasi tunashangaa ni mara ngapi hakiguswi kabla injini haijafunguliwa.

Kuna kipimo cha mkono vilevile. Injini ikinguruma, fungua kifuniko cha oili taratibu. Mvuto mdogo ni kawaida kwa injini nyingi. Hewa ikitoka kwa mapigo na kukirusha kifuniko, gesi nyingi zinapita kwenye ringi au PCV imeziba.

Kwa wale ambao kompresheni imetoka chini: mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi la silinda hiyo, upime tena. Ikipanda vizuri, ubovu uko kwenye ringi au ukuta wa silinda. Ikibaki pale pale, tazama valvu au gasketi ya hedi. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 1 hivi.

Je, kuzilowesha ringi kwa dawa kunasaidia kweli? Tumeambiwa mimina usiku, washa asubuhi.
*Marafiki wawili, gari moja*

Kunasaidia ringi zilizogandishwa na kaboni. Hakuponyi ringi iliyovunjika wala silinda iliyolika. Na maagizo mliyopewa, ndugu zetu, yanaweza kupindisha konekting rodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki. Kimiminika hakibanwi, mkirudisha plagi wakati dawa imejaa juu ya pistoni na kupiga stata, kinachopinda ni chuma.

Fanyeni hivi. Injini iwe ya vuguvugu. Toeni koili na plagi. Kwenye injini ya silinda 4, zungusheni krenki kwa spana mpaka pistoni zote ziwe katikati. Mtajua kwa kuingiza mrija mrefu wa plastiki kwenye kila tundu na kulinganisha kina. Ya silinda 3 haziwezi kulingana, ziacheni zilivyo. Kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba, wekeni mililita 30 hadi 40 za dawa ya kusafishia kaboni ya ringi kwenye kila silinda. Funikeni matundu kwa kitambaa, muache saa 12. Katikati ya muda huo zungusheni krenki robo mzunguko kwenda na kurudi mara mbili tatu ili dawa ipenye. Sigara na cheche mbali.

Asubuhi nyonyeni dawa iliyobaki kwa bomba lilelile, kila silinda. Toeni fyuzi ya pampu ya petroli, funikeni matundu kwa vitambaa, kisha pigeni stata kwa sekunde 5, mara tatu au nne, plagi zikiwa nje. Sasa mwageni oili na mbadilishe filta kabla ya kuwasha, kwa sababu dawa imeshuka kwenye sampu na kuiharibu oili yote. Rudisheni plagi na fyuzi, washeni mahali penye hewa wazi. Itatoka moshi mwingi kwa dakika kadhaa. Pimeni matumizi upya kwa kilomita 1,000 hadi 2,000 kabla ya kutoa hukumu. Tunakubali kurudia mara moja. Zaidi ya hapo mnajichosha.

Mkilazimika kufungua, msiruhusu ringi mpya ziwekwe kwenye silinda ambayo haikupimwa. Ringi inasukumwa ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha nafasi kati ya ncha zake inapimwa kwa fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi, na kulinganishwa na kitabu cha injini. Ukuta uliong'aa kama kioo upigwe honi, yaani ukwaruzwe kwa mawe ya kusagia, mpaka uonyeshe mistari inayokatana, la sivyo ringi hazikai na oili itaendelea kuliwa. Silinda iliyopanuka juu kuliko chini kupita kiasi inachongwa, na pistoni za saizi kubwa zaidi zinawekwa. Kuitilia ringi za kawaida ni kutupa pesa.

Kitabu kinasema 5W-30. Fundi anataka nitie 20W-50 kwa sababu injini ni mzee. Ni sawa?
*Mzee wa gari nyeupe*

Mzee wetu, kupanda hatua moja tunakubali. Kuruka hatua zote hizo, hapana.

Namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyotembea ikiwa ya baridi. Ile ya pili inaeleza uzito wake injini ikiwa na joto, ikipimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kinachopunguza kuliwa kwa oili ni ile ya pili. Kwa hiyo kutoka 5W-30 kwenda 5W-40 au 10W-40 kunaweza kuleta nafuu ya kweli. 20W-50 ina shida asubuhi: ni nzito, inachelewa kufika kwenye kamshafti na kwenye kikazio cha cheni ya taimingi, na uchakavu mwingi wa injini hutokea sekunde hizo za kuwasha. Injini yenye valvu zinazobadili taimingi kwa presha ya oili ina vijia vyembamba vilivyopimwa kwa oili nyepesi, na oili nzito mno inaweza kuichanganya mpaka taa ya injini iwake. Kama kitabu chako kinataja oili zaidi ya moja, chagua nzito zaidi kati ya zilizotajwa.

Oili zilizotengenezwa kwa injini zilizotembea sana zina viungo vya kuilainisha na kuitunisha mipira ya sili. Kwa sili iliyoanza kukakamaa zinasaidia kidogo; iliyopasuka hazifanyi kitu.

Kijiti changu kinaonyesha oili imeongezeka, na chini ya kifuniko kuna kitu kama maziwa. Gari linaenda kilomita 3 kwenda na 3 kurudi kila siku. Gasketi ya hedi imekwisha?
*Mama wa safari fupi*

Huenda haijakwisha, mama. Injini isiyopata moto kamili hukusanya unyevu, nao unagandana na oili chini ya kifuniko kwa sababu hapo ni pa baridi. Petroli isiyoungua vizuri nayo inashuka kwenye sampu na kupandisha kiwango. Nusa kijiti: ikinuka petroli, umeshapata jibu. Futa kifuniko, endesha kwa mwendo mzuri wa dakika 40 au zaidi, uangalie tena. Ute ukirudi hata baada ya safari ndefu, au ukiuona kwenye kijiti chenyewe, au maji ya rejeta yakipungua, hapo ndipo gasketi ipimwe, na gari lisiendeshwe.

Petroli hiyo huficha jambo jingine. Injini inaweza kuwa inakula oili huku petroli ikiijazia nafasi, kijiti kikabaki palepale miezi miwili. Unafanya safari moja ndefu, petroli inavukizwa na joto, na kiwango kinaanguka ghafla. Kwa matumizi yako mwaga oili kila miezi 6 bila kungoja kilomita zitimie, na kabla ya safari ndefu mwaga kwanza.

Na kiwango kikizidi alama ya juu kwa zaidi ya kidole, kipunguze. Krenki inayofikia oili inaipiga kama mayai, inajaa mapovu, na pampu haiwezi kusukuma mapovu kwa presha.

Taa nyekundu ya oili inamulika nikikata kona, kisha inazima. Niendelee mpaka nifike?
*Dereva wa jioni*

Usiendelee, ndugu. Simama penye usalama, zima injini papo hapo. Taa hiyo haipimi wingi wa oili. Inawaka presha ikishuka karibu na sifuri. Oili ikipungua kawaida haikuambii lolote, mpaka siku pampu inaponyonya hewa. Subiri dakika 10, chomoa kijiti, ongeza mpaka alama ya juu. Ukiwasha na taa ikazima ndani ya sekunde chache na injini haigongi, nenda taratibu ukapime presha kwa geji siku hiyohiyo. Ikibaki imewaka wakati oili imejaa, au ukisikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini, gari livutwe. Swichi ya presha inaweza kuwa ndiyo mbovu, lakini jambo hilo linathibitishwa kwa geji, halikisiwi.

Nimefanyiwa sevisi juzi. Leo kuna dimbwi la oili chini ya injini.
*Msomaji mwenye haraka*

Usiwashe. Tazama filta kwanza. Filta ya zamani ikitoka, pete yake ya mpira wakati mwingine inabaki imenata kwenye injini. Mpya ikifungwa juu yake kunakuwa na mipira miwili, na presha inaitema ya nje. Lita 3 zinaweza kumwagika kwa dakika chache. Toa filta, hakikisha uso ni mtupu na msafi, paka oili pete mpya, funga kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana haihitajiki hapo.

Kama filta ni kavu, iangalie nati ya kumwagia oili. Washa yake, ile pete bapa ya shaba au alumini, ni ya kutumia mara moja, na kukaza kwa nguvu ili kufidia washa iliyochoka ndiko kunakokula nyuzi za sampu ya alumini. Nyuzi zikishalika, nati inakaza kidogo kisha inazunguka bure. Ukifika hapo usizidishe hata nukta; oili imwagwe, nyuzi zichongwe upya kwa tapu na kuwekewa bushi ya chuma. Ukijaza tena, anza na nusu lita pungufu ya kiasi cha kitabu, washa kwa dakika moja ili filta ijae, zima, subiri dakika 10, ndipo umalizie kwa kijiti.